Santuri Yenye Njia Mbili

Najua. Mmenilaani wiki nzima. Msomaji mmoja kanipigia simu akiwa kazini kwake, akaniuliza mimi ni mtu wa aina gani, naacha mkono wa Shangazi unaning'inia hewani Jumapili hadi Jumapili, na mkono wenyewe mnene vile. Pole, ndugu yangu. Leo tunaushusha.

Kwa mliokuwa safarini, habari ni hii. Waya ni binti anayetengeneza muziki wa mashine katika chumba cha uani nyumbani kwa baba yake. Jina hilo lilimpata kwa sababu hatembei bila waya shingoni. Yeye na Kishindo, mwenzake wa kazi (wa kazi tu, acheni maswali), wameamua kutoa santuri, ile nyeusi ya kuzunguka, wakati wenzao wote wanamwaga nyimbo zao kwenye simu. Kiwanda kimewaletea nakala moja ya majaribio waisikilize kabla hazijapigwa nyingine.

Tatizo lilikuwa upande wa kwanza. Kila mmoja aliutaka kwa wimbo wake, maana upande wa pili husikilizwa na mwenye subira tu, na wenye subira siku hizi wamekwisha. Wakagombana mpaka Bibi Mchonga, yule mama anayechonga santuri, akachoka nao. Akazichonga nyimbo zote mbili upande huohuo, njia mbili zinazozungukana kama misuko miwili kwenye kichwa kimoja. Sindano ikiangukia njia hii, unasikia wimbo wa Waya. Ikiangukia ya jirani, unasikia wa Kishindo. Kuchagua huwezi. Ni bahati yako na sindano.

Sasa Shangazi anakitaka kile chumba cha uani aweke friza zake za barafu. Baba, karani mstaafu wa mahakama, akasema atausikiliza huo muziki kwanza. Akisikia kitu anachoweza kumpigia mgeni bila kuona haya, chumba ni cha binti yake. Akisikia makelele, chumba ni cha barafu. Baba akasikiliza peke yake, akatoka na macho mekundu, akasema hajapata kusikia kitu kizuri namna ile. Shangazi naye akasikiliza peke yake, akatoka ameshika kifua. "Kaka, umelogwa! Ile ni ngurumo tupu!"

Ndipo kikaitishwa kikao. Na ndipo tulipomwacha Shangazi, ameinama juu ya gramafoni, mkono hewani.

"Mnauona mkono wangu?" alisema. "Hapa hakuna kiinimacho. Sindano naishusha mimi mwenyewe. Ikitoka ngurumo, kaka, nakabidhiwa ufunguo leo hii."

"Shusha," Baba alisema kutoka kwenye kiti chake. "Kikao kinasikiliza."

Waya na Kishindo walikuwa wamekaa kwenye benchi kama washtakiwa. Kwenye kona ya kochi alikaa mume wa Shangazi, tunayemwita Mzee Kimya. Hakuwa amesema neno tangu alipoingia, na sina hakika kama alisema lolote mwezi uliopita.

Sindano ikagusa plastiki. Ikakwaruza. Waya alifumba macho.

Tak. Tak-tak. Tak-tak-tak-tak, ting!

Wimbo wa Waya! Binti alishusha pumzi hadi mabega yakashuka nayo. Ulikuwa mlio wa taipureta, ule Waya aliounasa wakati mama yake yu hai, akichapa kazi za watu kwenye meza ya jikoni. Waya aliukata vipande, akaupanga upya, kengele ya mwisho wa mstari ikawa ndiyo inayopokea mdundo, na chini yake akaweka sauti laini za mashine zinazokuja na kuondoka taratibu.

"Huyo!" Baba alisema. "Msikieni. Nukta aliigonga kama anafukuza nzi. Enzi zile anachapa mahakamani, mimi nilikuwa ofisi ya pili, namsikia ukutani, najua amefika mwisho wa hukumu kabla hakimu hajajua. Dada, hii ndiyo ngurumo yako?"

Shangazi hakusikia. Alikuwa amepiga magoti anachungulia chini ya gramafoni.

"Wamebadilisha!"

"Wamebadilisha nini? Si umeishika mwenyewe?"

"Narudia!"

Akanyanyua mkono wa gramafoni, akaushusha tena. Tak. Tak-tak. Ting! Baba akacheka. Shangazi akaunyanyua kwa hasira, akaushusha mara ya tatu.

KHRRRRRR... pfuuu. KHRRRRRR... pfuuu. DUM!

Vikombe vikalia kabatini. Miwani ya Baba ikateleza hadi ncha ya pua. Mngurumo ulitoka chini kabisa, mzito, ukapanda, ukasita, ukashuka tena na ngoma ikaufuata nyuma. Shangazi akapiga kigelegele kimoja kirefu na kuzunguka sebule nzima.

"Si niliwaambia! Si niliwaambia! Ufunguo!"

"Ngoja kwanza," Baba alisema. Akainuka, akashusha sindano mwenyewe. Tak-tak, ting! Akashusha tena. Ting! Shangazi akampokonya, akashusha. KHRRRRRR!

Ilikuwa bahati tupu, lakini ungeapa santuri ile inawajua watu kwa mikono yao.

Baba akarudi kwenye kiti. Alikuwa ameishi maisha yake yote ya kazi katikati ya waongo, na hakuna kilichomsumbua kama kuona mashahidi wawili wanapingana na wote wanasema kweli. Taratibu, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu. Juzi nilikuuliza upande huu una wimbo gani. Ukaniambiaje?"

"Nilisema una wimbo wa mama."

"Ulisema una huo tu?"

"Hukuniuliza kama ni huo tu, Baba."

"Lo! Mtoto wa karani," Shangazi alisema. "Anajibu kama wakili wa kukodi."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Waya akasimama, akaeleza yote: ugomvi, Bibi Mchonga, njia mbili. Baba akaichukua santuri, akaielekeza dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga mpaka akaamini kwamba anaziona, ingawa mimi nawaambia haziwezi kuonekana kwa macho yale. Badala ya kukasirika alianza kutabasamu.

"Wadai wawili kwenye kiti kimoja," alisema. "Na hakuna anayejua nani ataitwa kwanza. Huyo mama angefaa kuwa hakimu."

"Basi nusu ni wimbo na nusu ni ngurumo," Shangazi alisema. "Nami nipe nusu ya chumba. Friza mbili zinaingia."

"Hukumu haitolewi kwa ushahidi nusu, dada. Wa kwanza nimeusikia hadi mwisho. Huu wa pili tumekuwa tukiukatiza njiani. Nitausikiliza wote. Kama nao naweza kumpigia mgeni, kesi imekwisha."

Waya alikaa chini akiwa na matumaini. Wimbo wa Kishindo una kelele, ndiyo, lakini ni kelele iliyopangwa, na Baba leo ana moyo mlaini. Alimgeukia mwenzake amkonyeze, akakuta jasho linamtiririka mtu hadi kwenye kola.

"Asiusikilize wote," Kishindo alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Ile besi si mashine."

"Ni nini?"

Kishindo aliangalia upande wa Shangazi, kisha akaangalia miguu yake. "Unakumbuka ile Jumapili alipolala hapa kwenye kochi baada ya kushiba?"

"Hapana."

"Mdomo wazi."

"Hapana, Kishindo. Niambie hapana."

"Kipaza sauti kilikuwa mkononi, Waya. Ningefanyaje? Besi ile hainunuliki popote. Nimeishusha kidogo tu na kuisafisha."

Waya alitaka kumng'ata. Lakini Baba alishainua mkono wa gramafoni.

Sindano ikashuka. Ting! Wale wawili kwenye benchi wakapumua. Baba akajaribu tena. Ting! Akajaribu tena. Tak-tak-tak, ting! Mama wa watu, huko aliko, alikuwa anaipigania santuri kwa vidole vyote kumi.

"Mpeni shangazi yenu ashushe," Baba alisema. "Yeye ndiye anayeijua njia ya kwake."

Shangazi akashusha. KHRRRRRR... pfuuu.

Wakaisikiliza. Baba alikaa wima, mikono magotini, sura ya mtu aliyekuja kutimiza wajibu. Shangazi alisimama mkono kiunoni akisubiri ushindi. Wa kwanza kubadilika hakuwa yeyote kati yao.

Mzee Kimya aliinua kichwa. Akakiinamisha upande mmoja, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumbani kwake ukifunguliwa. Mguu wake ukaanza kutikisika. Kisha akainua kidole kimoja hewani, na mara tu alipokiinua, mngurumo ukakatika. Kimya. Akakishusha kidole, na mngurumo ukarudi.

Baba akamtazama. Mzee Kimya akainua kidole tena. Ukakatika tena, papo hapo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nawaambieni hawakukosea.

"Naijua hii," Mzee Kimya alisema.

Kila mtu aligeuka. Hata Shangazi, aliyeolewa naye, alishtuka kana kwamba kabati limeongea.

"Umesemaje, shemeji?" Baba aliuliza.

"Naijua. Hapa sasa itakuja fupi mbili." Zikaja fupi mbili. "Sasa ndefu, halafu mluzi." Ikaja ndefu, halafu mluzi.

Baba akavua miwani. "Shemeji, umewahi kuusikia wimbo huu kabla ya leo?"

"Kila siku."

"Wapi?"

"Kitandani."

Kishindo aliteleza polepole kutoka kwenye benchi, akaanza kutambaa kuelekea nyuma ya kochi.

"Unasema nini wewe mwanaume?" Shangazi aliuliza.

"Ni wewe, mama. Hapo umelala."

"Mimi? Mimi sikoromi!"

"Ndivyo unavyosema tangu tuoane," Mzee Kimya alisema, na maneno yaliyokuwa yamelala ndani yake miaka yote yakaanza kutoka kwa mstari. "Nikakuuliza, basi nani ananguruma usiku? Ukasema jirani. Nikamwendea jirani wa watu nikamtukana. Tukahama. Ukasema jirani mpya naye ananguruma. Tukahama tena. Mke wangu, kuna jirani gani anayehama na sisi?"

Baba alibana midomo. Alitazama dari. Mabega yalimtikisika. Mwishowe alisema kwa sauti nyembamba, "Kielelezo kimepokelewa," kisha akaangua kicheko hadi akashika mbavu.

Shangazi hakucheka. Akaitazama santuri inavyozunguka, inamkoromea mwenyewe usoni. Kisha akamtafuta Kishindo kwa macho, akakiona kisogo chake nyuma ya kochi.

"Toka huko."

Kishindo akatoka.

"Ulininasa nimelala?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Na hii imechongwa. Mtu anaweza kuifuta?"

"Haifutiki."

"Watu watainunua?"

"Tunaomba Mungu."

"Wataipiga kwenye kumbi? Watu wazima watasimama na kucheza, na anayenguruma ni mimi?"

"Ndivyo nilivyokusudia, Shangazi," Kishindo alisema, akijitayarisha kupigwa.

Shangazi akajikalia kwenye mkono wa kochi. Wimbo ulifika mahali ambapo ngoma zote zinanyamaza na mngurumo unabaki peke yake, na mguu wa Shangazi, bila ruhusa yake, ukagonga sakafu.

"Jina langu liko wapi?" aliuliza.

"Jina, Shangazi?"

"Hapa katikati pana karatasi nyeupe tupu. Jina la mwimbaji liko wapi?"

"Hii ni ya majaribio. Ile yenyewe itaandikwa Waya na Kishindo."

"Wewe unaimba humu? Huyu binti anaimba humu?" Alijipiga kifua. "Anayeimba humu ni nani?"

Mzee Kimya peke yake alinyoosha kidole kumwonyesha mkewe, kwa fahari ambayo hamjawahi kuiona kwa mtu mfupi.

"Kaka," Shangazi alisema, akisimama, "dai langu nalibadilisha. Chumba abaki nacho binti yako. Friza nitazipanga kwangu, tutaziruka kama mbuzi, si kitu. Lakini upande huu wa santuri ubaki na wimbo mmoja. Wangu. La sivyo, sikuruhusu kumpigia mgeni mkoromo wangu, na chumba ni cha barafu."

"Na wa mama?" Waya aliruka.

"Wifi yangu nilimpenda, Mungu amrehemu. Lakini tuseme ukweli, yeye alikuwa anagonga mashine tu. Mimi natumia pumzi."

Kicheko cha Baba kilikatika. Alitazama ile santuri, kisha akamtazama dada yake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Hili siliamui," alisema. "Karani ambaye mke wake yumo ndani ya kesi anatoka nje. Waya, mwanangu, chagua wewe. Utakachosema ndicho kitakachokuwa."

Wasomaji wangu, niwaambie kile chumba ni nini. Trei za mayai zilizobandikwa kuta nne ili sauti isitoke, Waya alizibandika moja moja, akiziomba kwa wauza chipsi na waoka keki mpaka wakamkwepa. Humo ndimo alimojifunza kila anachokijua. Hana pengine pa kufanyia kazi. Kishindo anaishi na wenzake chumba kimoja, na mmoja wao ni mpiga tarumbeta. Bila chumba kile hakuna santuri ya pili, na pengine hakuna Waya.

Aliwaza yote hayo. Kisha akawaza mtu wa mbali, asiyemjua, akishusha sindano, na mama yake akianza kuchapa ndani ya nyumba ya mtu huyo.

"Mpe ufunguo, Baba," alisema.

"Mwanangu..."

"Mpe. Wimbo wa mama unabaki."

Baba alihangaika na pete ya funguo. Shangazi mwenyewe alionekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akaukuta haujafungwa, lakini mkono aliunyoosha vilevile.

"Subirini!" Kishindo alipiga kelele. "Msimpe!"

Alichelewa. Ufunguo ulishaingia kiganjani, na kiganja kikafunga.

"Nini tena?" Waya aliuliza.

"Leo asubuhi nilimpigia Bibi Mchonga."

"Kumwambia nini?"

Kishindo alirudi nyuma hatua moja. "Mwenye duka la santuri amenikatalia. Anasema hawezi kuuza santuri inayobadili mawazo. Dijei anataka kujua sindano inaangukia wapi. Atatangaza wimbo huu, utoke ule, aumbuke mbele ya ukumbi mzima. Kasema, ama njia moja ama tusimpelekee."

"Kwa hiyo?"

"Nimemwambia Bibi Mchonga aichonge upya. Njia moja."

Waya alimkazia macho. Huyu ndiye mtu aliyemwambia, mbele ya Bibi Mchonga, kwamba wimbo wa taipureta utawalaza watu ukumbini. Huyu ndiye aliyeapa kwamba bila wimbo wake upande wa kwanza yeye hana kazi naye. Na amepiga simu peke yake, kimya kimya, asubuhi. Na yeye Waya sekunde hii ametoa chumba kwa ajili ya wimbo ambao huenda haupo tena.

"Umebakiza njia ya nani?"

Kishindo hakumwangalia. "Ya mama yako."

"Sema tena."

"Nimebakiza wa mama yako. Wangu nimeutoa."

"Kishindo, ule ndio wimbo wako mzuri kuliko zote."

"Najua. Usinikumbushe, nitalia."

Akalia kweli. Waya naye akalia, akampiga ngumi ya bega, akamshika bega hilohilo lisimuume. Baba akapenga kamasi kwenye leso kwa kishindo cha kutosha santuri nzima. Hata Mzee Kimya alikuwa anajifuta jicho kwa kidole kilekile alichokuwa anaongozea wimbo. Ilikuwa furaha tupu pale sebuleni, na ndani ya furaha hiyo walisahau jambo moja.

Walimsahau Shangazi.

"Nimetolewa?" alisema.

Wakageuka.

"Shangazi, tusikilize..."

"Nimeimba, nimejulikana, nimetolewa, yote haya hata chai haijaja?"

"Dada, keti kwanza."

Shangazi hakuketi. Aliitoa santuri kwenye gramafoni, akaibana kwapani kama sinia, akatoka mlango wa nyuma. Walimsikia anavuka ua. Walisikia mlango wa chumba cha uani ukifunguka, kisha ukajifunga. Kisha wakasikia ufunguo ukizungushwa, na ulizungushwa kutoka ndani.

Baba akawahi kufika. "Dada! Fungua!"

"Chumba ni changu! Umenikabidhi mwenyewe mbele ya mashahidi!"

"Tutazungumza!"

"Nirudisheni kwenye santuri!"

Kishindo alimshika Waya mkono. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Waya. Bibi Mchonga anasubiri tumpelekee wimbo wa mama yako jioni hii, aanze kuchonga. Uko wapi?"

"Si anao yeye?"

"Yule akishachonga anafuta. Hafugi nyimbo za watu, unamjua."

"Basi uko kwenye kompyuta."

"Na kompyuta iko wapi?"

Waya akanyoosha kidole kwenye mlango uliofungwa. "Lakini ipo nakala. Si ulisema utaweka nakala?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema utaweka nakala!"

"Nilisema weka nakala, Kishindo! Weka!"

Wakatazamana. Santuri moja iliyokuwa na wimbo ule ilikuwa kwapani kwa Shangazi. Wimbo wenyewe ulikuwa mezani mbele yake.

Kutoka ndani kikasikika kiti kikivutwa. Kisha tik. Tik-tik. Mtu alikuwa anabonyeza vitu.

"Shangazi!" Waya alipiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Usiguse chochote! Nakuomba, Shangazi yangu, kaa tu!"

"Sijagusa. Nimeegemea tu meza, hiki kimashine kikawaka." Sauti ilikuwa imepoa, sauti ya mtu anayesoma kitu kwa kukunja uso. "Jamani, kinaniuliza swali."

Waya alibandika sikio mlangoni.

"Kinasema, 'Futa vyote?'"

"Shangazi, bonyeza hapana! HAPANA!"

"Unanipigia kelele mimi? Kwanza nijibuni nyinyi. Narudi kwenye santuri, ndiyo au hapana?"

Waya alimtazama Kishindo. Kishindo alimtazama Baba. Baba, aliyesikia maswali ya ndiyo au hapana maisha yake yote, alimgeukia Mzee Kimya.

"Na mjibu upesi," Shangazi alisema kutoka ndani, "maana swali lenyewe wameliandika kwa herufi kubwa, lakini chini yake pana vidude viwili vidogo vidogo, kidole changu kiko juu ya kimojawapo, na miwani yangu nimeiacha sebuleni."